Kutaja Bei ya Chumba cha Hoteli Mtandaoni: Unachopata na Unachokiacha

Mlaji anayesafiri kutoka Afrika Mashariki kwenda New York kwa biashara, mkutano, masomo au matibabu hutambua mapema kwamba malazi yanaweza kumaliza bajeti yake kabla shughuli yenyewe haijaanza. Tangu Septemba 2023 jiji hilo limebana kwa nguvu ukodishaji wa nyumba za watu binafsi kwa muda usiofika siku 30, na hivyo wageni wengi hawana budi kurudi hotelini. Katika hali hiyo, tovuti inayomwambia msafiri, "Taja bei yako mwenyewe," humvutia mno. Nafuu yake ni ya kweli, lakini ina masharti. Katika sura hii tunaeleza namna biashara hiyo inavyofanya kazi, nani inamfaa, na hesabu ambayo mlaji anapaswa kuifanya kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa.

Biashara hii ni ipi

Kampuni ya Marekani ya Priceline ilianza kutoa huduma ya mteja kutaja bei mwaka 1998. Ilianza na tiketi za ndege, kisha ikaongeza vyumba vya hoteli. Mteja alichagua jiji, eneo la jiji, kiwango cha nyota na tarehe. Akataja dau lake na kuandika namba ya kadi yake. Hoteli ilipokubali dau, kadi ilikatwa fedha papo hapo, na ndipo jina la hoteli lilipofunuliwa. Mwaka 2000 ikaja Hotwire, ambayo iligeuza utaratibu: muuzaji ndiye anayetaja bei iliyopunguzwa, lakini jina la hoteli linabaki limefichwa hadi mteja alipe.

Priceline imekwisha kuacha mtindo wa mteja kutaja bei, lakini uuzaji wa chumba kwa jina lililofichwa unaendelea. Mlaji wa leo anaweza kuukuta mtindo huu katika sura tatu. Ya kwanza ni bei iliyopunguzwa ya hoteli isiyotajwa jina. Ya pili ni mnada, ambapo wateja hupandishiana dau hadi muda uishe. Ya tatu ni mwaliko ambao hoteli humtumia mgeni aliyekwisha kuweka nafasi, ikimtaka ataje kiasi atakachoongeza ili apewe chumba bora zaidi. Sura hizi zinatofautiana kwa namna zinavyoendeshwa, ila jambo moja linazikutanisha: dau likikubaliwa, umenunua, na kwa kawaida hakuna kurudi nyuma.

Kwa nini hoteli inakubali

Chumba kilicholala tupu usiku wa leo hakiwezi kuuzwa kesho. Hoteli yenye vyumba vilivyobaki hunufaika ikiviuza hata kwa bei ndogo. Lakini ikitangaza bei hiyo hadharani, wageni wake wa kila siku, pamoja na kampuni zilizoingia nayo mkataba, watadai nao wapunguziwe. Kuficha jina kunaiwezesha kuuza kwa wateja wawili kwa bei mbili bila kuharibu soko lake.

Kutokana na hilo, mlaji anaweza kukisia nafuu itapatikana lini. Mjini New York, Januari na Februari ni miezi ya wageni wachache, na hoteli huwa tayari zaidi kukubali dau dogo. Mwezi Septemba, viongozi wanapokutana katika Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa, mwanzoni mwa Novemba wakati wa mbio za marathoni, na wiki za kuelekea Krismasi, vyumba hujaa na dau dogo lina nafasi finyu. Vilevile, hoteli za eneo la mabenki kusini mwa Manhattan hutegemea watu wa ofisini, kwa hiyo huwa na vyumba vingi wazi mwishoni mwa juma.

Unachokiacha

Anayenunua chumba kwa jina lililofichwa anakubali kununua mbuzi kwenye gunia. Gunia hilo lina mambo matatu ambayo mlaji hana budi kuyafahamu.

Kwanza ni mahali. Utaonyeshwa eneo la jiji, hutaonyeshwa mtaa. Maeneo mengine ni mapana, na hoteli iliyo pembezoni mwake inaweza kukulazimu kusafiri muda mrefu kila siku. Hoteli iliyo karibu na uwanja wa ndege wa JFK, kwa mfano, iko Queens, mbali na katikati ya Manhattan.

Pili ni chumba chenyewe. Kwa kawaida unachohakikishiwa ni chumba cha watu wazima wawili, na aina ya kitanda hupangwa na hoteli. Wafanyakazi wenza wawili wanaweza kukuta kitanda kimoja. Familia ya watu wanne inaweza kuambiwa ilipie chumba cha pili. Kumbuka pia kwamba katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki nyota hutolewa na mamlaka za umma kwa vigezo vya pamoja, ilhali Marekani hakuna mamlaka ya serikali inayogawa nyota. Nyota unazoziona kwenye tovuti ni tathmini ya muuzaji au ya taasisi binafsi.

Tatu, na ndilo zito kuliko yote, ni haki ya kughairi. Mauzo haya kwa kawaida hayarejeshwi fedha, hayabadilishwi tarehe, wala hayahamishiwi mtu mwingine.

Usitaje bei kabla ya viza

Kwa msafiri wa kwetu, sharti hilo la tatu lina uzito wa pekee. Serikali ya Marekani yenyewe huwashauri waombaji wa viza wasifanye mipango ya safari isiyoweza kubadilishwa kabla ya kupewa viza. Mwombaji aliyekwisha kulipia siku nne za hoteli, kisha akanyimwa viza au usaili wake ukasogezwa mbele, hana hoja ya kudai fedha zake: hoteli haikuvunja ahadi yoyote. Aidha, fomu ya maombi ya viza huuliza anwani utakakofikia, nawe huwezi kuijua anwani ya hoteli ambayo jina lake limefichwa.

Tunashauri njia ifuatayo. Wakati wa kuomba viza, weka nafasi katika hoteli inayoruhusu kughairi bila malipo. Viza ikitoka na tarehe za safari zikithibitika, tafuta nafuu kwa njia ya dau. Ukifanikiwa, ghairi nafasi ya kwanza. Usipofanikiwa, bado una mahali pa kulala. Zingatia kwamba muda wa mwisho wa kughairi huhesabiwa kwa saa za mji ilipo hoteli. Saa 12 jioni ya New York ni saa 7 usiku Dar es Salaam na Nairobi wakati wa kiangazi chao, na saa 8 usiku wakati wa majira yao ya baridi.

Fanya hesabu ya jumla, usiishie kwenye bei ya usiku mmoja

Kosa linalowagharimu walaji wengi ni kulinganisha bei ya usiku mmoja bila nyongeza. Mjini New York, kodi za chumba cha hoteli hufikia asilimia 14.75 ya bei, pamoja na dola 3.50 kwa kila chumba kwa kila usiku. Juu ya hizo, baadhi ya hoteli hutoza ada ya lazima ya huduma, hata kama mgeni hatazitumia huduma hizo.

Tuchukue mfano wa kukadiria wa siku nne. Hoteli A inauzwa kwa jina lililofichwa kwa dola 120 kwa usiku, na ina ada ya lazima ya dola 35 kwa usiku. Hoteli B inauzwa kwa jina lake kwa dola 150, haina ada hiyo, na inaruhusu kughairi.

Hoteli A: vyumba dola 480, ada dola 140, kodi ya asilimia 14.75 juu ya vyote viwili dola 91.45, tozo ya kila usiku dola 14. Jumla ni dola 725.45.

Hoteli B: vyumba dola 600, kodi dola 88.50, tozo ya kila usiku dola 14. Jumla ni dola 702.50.

Chumba kilichoonekana rahisi kwa dola 30 kila usiku kimekuwa ghali zaidi kwa dola 22.95, na mnunuzi wake amepoteza haki ya kughairi.

Sheria imeanza kumsaidia mlaji katika jambo hili. Tangu Mei 12, 2025, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani inawataka wauzaji wa malazi ya muda mfupi waonyeshe bei ya jumla yenye ada zote za lazima tangu bei inapotangazwa. Kodi za serikali, hata hivyo, zinaweza kuongezwa baadaye. Katika miji mingine utaratibu ni tofauti. Dubai hutoza dirhamu 7 hadi 20 kwa kila chumba kwa usiku, kulingana na daraja la hoteli, na mara nyingi mgeni huzilipa akiwa mapokezi. Basi fungua ukurasa wa mwisho kabla ya malipo, soma jumla, kisha uliza kama kuna kitakachodaiwa hotelini.

Namna ya kupanga dau

Anza kwa kutafuta bei za wazi za hoteli tatu au nne za kiwango unachokitaka, katika eneo lilelile na tarehe zilezile. Hiyo ndiyo bei ya soko. Kisha amua ni punguzo kiasi gani litakaloridhisha kupoteza haki ya kughairi na ya kuchagua hoteli. Andika kikomo chako kwenye karatasi kabla ya kuanza, kwa kuwa mnada hujengwa ili kukusukuma upande kidogo zaidi, na tena kidogo zaidi.

Anza chini ya kikomo, upande kwa hatua ndogo. Tovuti ikikutaka ubadilishe eneo au nyota ili uruhusiwe kutaja bei tena, ongeza tu eneo ambalo uko radhi kulala. Katika mwaliko wa kuboreshewa chumba, soma kama kiasi unachokitaja ni cha safari nzima au cha kila usiku. Tofauti hiyo, kwa siku nne, ni mara nne.

Malipo na kumbukumbu

Hakikisha jina lililo kwenye nafasi ni lile lililo kwenye pasipoti na kadi. Hoteli nyingi huzuia kiasi cha amana kwenye kadi mgeni anapofika, hata kama chumba kimekwisha kulipiwa. Kwa kadi inayokata akaunti moja kwa moja, fedha hizo zinaweza kukaa siku kadhaa kabla hazijaachiwa. Ukiulizwa kama ulipe kwa dola au kwa shilingi, linganisha kwanza na kiwango cha benki yako, kwa maana ubadilishaji unaofanywa na muuzaji mara nyingi hubeba faida yake ndani.

Usilipe nje ya tovuti uliyonunulia. Ujumbe unaokutaka "uthibitishe kadi" kupitia kiungo kingine, hata ukitaja jina la hoteli na tarehe zako sahihi, uchukulie kuwa ni utapeli hadi hoteli yenyewe ikuthibitishie kwa simu uliyoitafuta wewe.

Hifadhi picha ya ukurasa wa bei, masharti na uthibitisho wa malipo. Hoteli ikikosa chumba ulichokilipia, mdai muuzaji mahali pengine pa kiwango hicho au fedha zako, na uandike jina la aliyekuhudumia. Asipotekeleza, ifahamishe benki iliyotoa kadi yako bila kuchelewa, kwa kuwa pingamizi la malipo lina muda maalumu. Mamlaka za nyumbani zina uwezo mdogo juu ya kampuni isiyo na ofisi nchini. Mara nyingi kumbukumbu zako na benki yako ndizo zitakazokutetea.

Kabla ya kulipa, jiulize

Je, viza ninayo na tarehe hazitabadilika? Je, jumla yenye ada na kodi bado ni ndogo kuliko ya hoteli yenye jina? Je, niko radhi kulala katika hoteli yoyote ya eneo hili, kwa kitanda chochote nitakachopewa? Ukijibu ndiyo kwa yote matatu, taja bei yako bila hofu. Hata jibu moja likiwa hapana, chumba chenye jina na haki ya kughairi, ijapokuwa kinaonekana ghali, ndicho kilicho salama kwako.