Kishikwambi cha Chama na Intaneti Isiyo na Waya

Tangu Sensa ya Agosti 2022 kishikwambi si kitu kigeni vijijini. Taarifa za vyama sasa huingizwa katika mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na minada ya kahawa hufanyika kwa mtandao wa TMX. Kwa hiyo katibu wa chama cha msingi hana budi kuelewa jinsi kifaa hicho kinavyoipata intaneti.

Wengi hudhani kwamba alama ya waifai ikionekana, intaneti imefika. Sivyo. Habari hupita safari mbili. Ya kwanza ni fupi, kutoka kishikwambi hadi simu ya katibu. Ya pili hutoka kwenye simu hadi mnara, nayo ndiyo inayokula bando.

Katika simu huwashwa data, kisha mtandaopepe, ambao wengi huuita hotispoti, nao hupewa jina na nenosiri lisilopungua herufi 8. Katika kishikwambi huwashwa waifai, huchaguliwa jina lile lile, na nenosiri huandikwa kama lilivyo, herufi kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo.

Jina lisipoonekana, au nenosiri likikataliwa, kasoro iko katika safari ya kwanza. Lakini alama ikiwapo na ukurasa usifunguke, mara nyingi kasoro ni ya safari ya pili, na kusogeza kishikwambi karibu na simu hakusaidii kitu. Kwanza itazamwe kama bando lipo. Likiwapo, simu ndiyo ihamishwe. Milima huzuia mawimbi na bati huyarudisha, hivyo ofisi iliyo bondeni, Muleba au Bukoba Vijijini, yaweza kuyakosa ilhali uani yapo. Simu iwekwe dirishani upande wa mnara. Katibu abaki mezani na kishikwambi chake.

Linaloumiza zaidi ni bando kwisha kabla ya kazi. Kishikwambi kikipata waifai huweza kudhani ni ya bure, kikaanza kujipakulia programu mpya na kupeleka picha. Fedha ya wanachama hukauka na fomu ya kwanza haijajazwa. Dawa yake ni kuuweka mtandao huo katika mipangilio ya waifai ya kishikwambi kuwa ni wa kupimiwa data, kuwasha Kiokoa Data katika kishikwambi hicho, na kuzima mtandaopepe mara kazi iishapo. (Vijana walioketi barazani nao wana simu, na nenosiri lililotajwa kwa sauti si siri tena.)

Nenosiri la mtandaopepe hubadilishwa jioni ile ile. La mfumo ni jambo jingine kabisa: alijuaye aweza kugeuza taarifa za chama kwa jina la katibu, na katibu ndiye atakayeulizwa. Hata mwenyekiti hapewi.

Mtandao ukikosekana siku ya kupokea kahawa, mizani haisimami. Uzito huandikwa daftarini, mkulima hupewa stakabadhi yake, na taarifa huingizwa baadaye kutoka katika daftari hilo.