Utangulizi: Risasi ya Upande wa Pili

Kiswahili kimetufanyia utani. Risasi ni ile inayotoka kwenye mtutu wa bunduki, na risasi ni yale madini mazito ya kijivu yaliyomo ndani ya aproni ya mpiga eksirei. Anayetoka jeshini mimi humpokea kwa neno hilo: afande, risasi unaijua upande mmoja, kitabu hiki kinahusu upande wa pili.

Nimewaandikia hasa vijana wa Kibera na Kawangware walio jeshini au waliotoka. Wapo wanaoomba kuhamia kikosi cha tiba wangali na sare. Wapo wanaongoja kustaafu. Na Kibera si mgeni wa jeshi. Walioanzisha makazi pale, wakauita msitu ule Kibra kwa Kinubi, walikuwa askari wa King's African Rifles wenye asili ya Sudani, na mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Leo mkazi wa Kibera anafika kwa miguu hospitali ya Mbagathi, na akijikaza kidogo, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambako chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, kiko ubavuni. Wa Kawangware itabidi apande matatu.

Fani yenyewe ya upigaji eksirei pia ililelewa na vita. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei Novemba 1895. Mwaka uliofuata, Napoli, daktari wa jeshi aitwaye Alvaro alikuwa tayari anazitumia kutafuta risasi mikononi mwa askari wa Italia waliojeruhiwa Ethiopia. Mwaka 1898, baada ya vita vya Omdurman, daktari wa jeshi, Meja Battersby, aliweka mtambo wake Abadieh, Sudani. Umeme aliupata kwa dainamo iliyozungushwa na baiskeli ya watu wawili: askari wanakanyaga pedali katika joto lile, daktari anapiga picha. Majeruhi 21 hawakujulikana kwa njia za kawaida kama wana risasi mwilini au la. 20 kati yao wakapata jibu.

Kwenye picha, risasi huonekana nyeupe pe kwa sababu eksirei hazipenyi madini yale. Kwa sababu hiyo hiyo aproni inakukinga.

Mengine ya kazi hii askari anayo tayari. Kanuni zetu za kujilinda na mionzi ni muda, umbali na kinga: usikae sana, usisogee karibu, jifiche nyuma ya kitu kizito. Ukisimama mita 2 kutoka chanzo cha mionzi badala ya mita 1, dozi inabaki robo. Sijawahi kulazimika kumweleza mwanajeshi jambo hili mara mbili. Medali, hata hivyo, hazitaulizwa. Chuo kitaangalia KCSE yako, biolojia hasa, na stashahada ni miaka 3 ya kukaa dawati moja na watoto waliomaliza shule juzi.

Kigumu ni sauti. Mama amekuja kupigwa picha ya kifua, anakohoa, daktari anashuku kifua kikuu. Amevua nguo za juu, amevaa gauni la hospitali lisilofunga vizuri, ubao ni baridi. Unamtaka asogeze mabega mbele ili mifupa yake isifunike mapafu. Ukimwamuru kama kuruta, atashtuka, atatikisika, picha itatoka na ukungu, na kuirudia ni kumwongezea mionzi bure. Mwite mama. Mwambie kwa upole: vuta pumzi, vuta kabisa, shika hapo hapo.

Halafu mwambie apumue. Nimewahi kumkuta mgonjwa mashavu yamevimba, macho yamemtoka, bado ameshika pumzi, huku mwanafunzi wangu, sajini mstaafu, keshafika kwenye skrini kuikagua picha. Ilikuwa nzuri sana.