Ushairi unaohoji yoga wasomwa Kericho

Anayeingia katika hekalu la Sikh mjini Kericho, penye mashamba ya majanichai, huvua viatu, hufunika kichwa, kisha huketi sakafuni. Kitabu kinachosomwa humo, Guru Granth Sahib, kina kurasa 1,430, karibu zote mashairi ya kuimbwa. Katika utungo mmoja, Sidh Gosht, Guru Nanak (1469–1539) anajibizana na wajuzi wa yoga. Hoja yake huenda isiwapendeze walimu wa yoga wa leo: kukunja viungo na kujitenga na watu hakutoshi, nguvu ya ndani hutokana na kulikumbuka jina la Mungu katikati ya shughuli za kila siku. Baba Puran Singh wa Kericho, aliyefariki 1983, alikuwa fundi. Hekalu hilo limejengwa palipokuwa karakana yake.