Nyumba ntobhu: mfano wa nyumbani kwa anayesoma sosholojia

Msikilizaji wetu, kijana wako akisema anajiandaa na mtihani wa sosholojia, usidhani ni mambo ya mbali. Mengi anayoulizwa yapo hapa Tarime na Serengeti. Tuchukue nyumba ntobhu, ndoa ya kimila ya Wakurya.

Kwanza, taasisi ya jamii si jengo. Ni utaratibu uliozoeleka, wenye kanuni zake, unaotimiza haja fulani ya watu. Familia, dini, elimu na serikali ni taasisi. Katika nyumba ntobhu, mama asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe wa mahari na "kuoa" binti. Binti huzaa na mwanamume, lakini watoto huhesabiwa wa nyumba ya yule mama.

Nadharia tatu hulitazama jambo hili kwa maswali tofauti.

Wanaomfuata Émile Durkheim wa Ufaransa huuliza: utaratibu huu unaifaa nini jamii? Mama anapata mrithi na wa kumtunza uzeeni. Mji wake haufi.

Wanaomfuata Karl Marx wa Ujerumani huuliza: nani ananufaika, nani anaumia? Ng'ombe wamekwenda kwa wazazi wa binti. Jembe limebaki mkononi mwa binti, naye huenda hakuulizwa kabisa.

Wanaomfuata George Herbert Mead wa Marekani huuliza: wahusika wenyewe wanalipa jambo hili maana gani? Mtoto anamwita nani baba? Binti anajiona mke, au mkamwana?

Mwanafunzi asichague swali moja akasahau mengine. Ataje nadharia, atoe mfano, kisha aonyeshe udhaifu wake. Jambo kuwa na faida kwa ukoo hakulifanyi liwe la haki kwa kila mtu.

Na hili si la mtihani tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo nyumba ntobhu haitambuliwi kuwa ndoa kisheria, na ugomvi ukizuka, binti anaweza kukosa kinga ambayo mke mwingine anayo.

Ukijua binti analazimishwa, nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kama ni mtoto, piga 116, bila malipo.