Sikio Lihukumupo: Juu ya Mtazamo Uliofichika

Utangulizi

Mtu akiulizwa aionavyo lugha fulani, hujibu kwa maneno aliyokwisha kuyapima. Jibu lake huonyesha apendavyo kuonekana. Si lazima lionyeshe atendavyo pale asipojua kwamba anachunguzwa. Makala haya yanakusudia kuieleza tofauti hiyo, na kuonyesha kwa nini sisi tunaofundisha Kiswahili hatuna budi kuizingatia.

Kauli na kitendo

Mfano unaotajwa sana na wanasaikolojia ni ule wa Richard LaPiere, uliochapishwa mwaka 1934. Kuanzia mwaka 1930 alisafiri nchini Marekani pamoja na mume na mke Wachina, wakati ambapo chuki dhidi ya Wachina ilikuwa kubwa. Walifika katika hoteli na mikahawa 251, wakakataliwa mahali pamoja tu. Baadaye aliwaandikia wenye mahali hapo barua, akiwauliza kama wangewapokea wageni Wachina. Miongoni mwa waliojibu, zaidi ya asilimia 90 walikataa. Hapo kauli ilikuwa mbaya kuliko kitendo. Katika mambo ya lugha aghalabu huwa kinyume: kauli huwa njema, na kasoro hujificha katika kitendo.

Jaribio la Montreal

Wallace Lambert na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, huko Kanada, walitambua kwamba mtu aulizwaye waziwazi hujihadhari. Basi katika utafiti waliouchapisha mwaka 1960 walilipima sikio. Watu waliokijua barabara Kifaransa na Kiingereza walirekodiwa wakisoma habari moja kwa lugha zote mbili. Wasikilizaji walikuwa wanafunzi, baadhi wasemaji wa Kiingereza na wengine wa Kifaransa, nao hawakuambiwa kwamba sauti mbili zilikuwa za mtu mmoja. Walitakiwa kumkadiria kila msemaji kwa sifa 14, kama vile akili, uongozi, wema, hata urefu wa kimo.

Kwa kuwa msemaji alikuwa yule yule, tofauti ya makadirio haikutoka kwake bali kwa msikilizaji. Kwamba wanafunzi wa Kiingereza waliipendelea sauti ya Kiingereza si ajabu. Ajabu ni kwamba wanafunzi wa Kifaransa nao waliipendelea, tena kwa sifa nyingi zaidi: 10 kati ya 14. Walichoibakizia lugha yao wenyewe ni wema na uchaji wa dini. Hakuna aliyewafundisha hayo darasani. Mjini humo mali na vyeo vikubwa vilikuwa zaidi mikononi mwa wasemaji wa Kiingereza, na sikio lilikuwa limezoea kuiambatanisha sauti hiyo na ubora.

Hali yetu

Nchini Kenya Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya Bunge mwaka 1974. Mfumo wa 8-4-4 ukakifanya somo la lazima mwaka 1985. Na Katiba ya mwaka 2010 imekitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa sheria, basi, hakikupungukiwa. Lakini vizazi vya watoto wetu vilivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani, na somo hilo la aibu halikufutwa na sheria yoyote.

Sisemi haya kwa kuwanyoshea wengine kidole. Niliporejea kutoka masomoni ng'ambo, niliwahi kuwa katika jopo lililowahoji waombaji wa kazi ya kufundisha Kiswahili. Waliruhusiwa kuchagua lugha ya kujibia. Mmoja alijibu kwa Kiswahili sanifu na kwa utulivu. Mwingine kwa Kiingereza chepesi. Huyu wa pili nilimwandikia "anajiamini", na yule wa kwanza "mpole". Kazi aliipata wa pili. Nilipoyasoma tena maandishi yangu baadaye, niliona kwamba hoja zao zilikuwa karibu sawa. Lau ningeulizwa siku ile kama nakithamini Kiswahili, ningeapa kwamba nakithamini, na nisingekuwa mwongo.

Hitimisho

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, hojaji peke yake haitoshi katika utafiti wa mitazamo ya lugha. Inafaa ifuatane na jaribio la kulipima sikio. Pili, tunapotahini au kuhoji, tuandike vigezo vyetu kabla ya kumsikia mtu, na tuzipime hoja mbali na sauti.

Jimbo la Quebec halikuridhika na sifa za mdomoni: mwaka 1977 lilipitisha sheria ya kukifanya Kifaransa lugha ya kazi na biashara. Lugha huheshimiwa na sikio inapokuwa lugha ya riziki. Nasi, ambao riziki yetu ni Kiswahili, tuanzie kwetu, maana kikulacho ki nguoni mwako.