Eksirei ya Chumba cha Upasuaji: Sadaka Isiishie Bandarini

Mama mzee anapoteleza bafuni akavunjika nyonga, au kijana anapoanguka na bodaboda akavunjika paja, jamaa huuliza kwanza kama hospitali ina daktari bingwa wa mifupa. Ni swali la haki, ila halitoshi. Bingwa anayefunga chuma ndani ya mfupa anahitaji kuona kinachotendeka chini ya ngozi wakati uleule mikono yake inapofanya kazi. Jicho hilo hulipata katika eksirei ya magurudumu yenye mkono wa umbo la herufi C: ncha moja hutoa mionzi, ya pili huipokea, na picha huonekana papo hapo kwenye skrini.

Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hiyo huko Ujerumani mwaka 1895, lakini mashine ya namna hii ilitolewa na kampuni ya Philips ya Uholanzi mwaka 1955. Leo sehemu kubwa ya soko la dunia imo mikononi mwa kampuni chache, zikiwemo Siemens Healthineers na Ziehm Imaging za Ujerumani, GE HealthCare ya Marekani na Philips yenyewe. Mashine mpya hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na za daraja la juu hupita dola 100,000.

Hospitali za nchi tajiri zimekuwa zikiacha mashine zenye bomba la kukuza mwanga wa picha na kununua zenye bamba bapa la kidijitali. Nyingi zinazoachwa hazitupwi. Huingia katika soko la mtumba, na nyingine hutolewa msaada. Hapo ndipo ndugu zetu walio ughaibuni, jumuiya za misikiti na wahisani hukutana nazo, wakiwa na nia njema ya kuacha sadaka yenye kuendelea.

Nia njema haina budi kufuatwa na hesabu njema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya orodha za vifaa tiba kutoka nchi 16 zenye uwezo mdogo, ulikuta karibu vifaa 40 katika kila 100 havifanyi kazi. Sababu kuu zilikuwa upungufu wa mafunzo, usimamizi dhaifu wa vifaa na uduni wa miundombinu.

Eksirei hii huguswa na yote matatu. Umeme unaopanda na kushuka huiharibu. Bomba lake la mionzi huchakaa, na kipuri cha mashine iliyokwisha kuachwa na kiwanda ni adimu. Wanaoizunguka kila siku wahitaji aproni za risasi na mafunzo, kwani mionzi haionekani wala haina harufu. Hapa Tanzania, leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki nayo ni sharti.

Waliotutangulia waliyajua mambo haya kwa namna yao. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake mashuhuri mjini Cairo mwaka 1284, hakuishia kwenye kuta na vitanda, bali aliiwekea mali za wakfu ambazo pato lake liliiendesha. Nao mafakihi wanafundisha kwamba pato la wakfu hutangulia kutumika katika kuutunza wakfu wenyewe, kwani kilichobomoka hakimnufaishi mtu.

Basi anayetaka kutoa aiulize kwanza hospitali inahitaji nini. Huenda jibu lisiwe mashine. Shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, hutoa vyuma vya kuunga mfupa wa paja na muundi vinavyoweza kufungwa bila eksirei hiyo, na vimetumika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Ikiwa jibu ni mashine, yaulizwe haya: Je, kiwanda bado kinatoa vipuri vyake? Nani ataifanyia matengenezo, na kwa mshahara wa nani? Umeme wa chumba cha upasuaji ukoje? Aproni zipo? Sehemu ya mchango iwekwe kando kwa ajili ya matunzo, hata kama italazimu kununua mashine ya bei nafuu zaidi.

Mgonjwa aliyelala mezani hatauliza nani aliyeitoa mashine wala iligharimu kiasi gani. Haja yake ni kwamba swichi ikibonyezwa, picha ionekane. Wabillahi tawfiq.