Kava la chini ya injini: livuliwe au libaki?

Ukitoka Nyabugogo ukashika barabara ya Gatuna, ile inayokwenda mpaka wa Uganda, gereji zinaanza kabla gari halijakolea mwendo. Hapo ni Gatsata, wilaya ya Gasabo, mahali ambapo mwenye gari wa Kigali huelekezwa akikosa spea kwingine kote. Injini zimepangwa juu ya mbao, milango imeegemezwa ukutani, na si ajabu kukuta pembeni plastiki nyeusi, pana na nyembamba, zenye matundu ya boliti yaliyochanika. Hayo ni makava ya chini ya injini. Yalifunguliwa siku ya kumwaga oili, klipu zikavunjika, hayakurudishwa, na wenyewe hawakuyadai.

Kwenye gari la kawaida la familia, hasara ya kukosa kava huchukua muda kuonekana. Kwenye gari la kasi, Subaru Impreza WRX, Mitsubishi Lancer Evolution au Volkswagen Golf GTI, mambo ni tofauti, na wapo wanaolivua kwa makusudi kabisa. Hoja yao inaeleweka: injini yenye tabo ina joto kali, Kigali ni vilima mwanzo mwisho, basi afadhali tumbo liachwe wazi lipate upepo. Hoja hiyo husikika kila siku chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki. Kwa magari mengi yanayofika Gatsata, si sahihi.

Hewa haipiti ndani ya rejeta eti kwa sababu tu gari linakwenda mbele. Inapita kwa sababu msukumo wa hewa mbele ya rejeta ni mkubwa kuliko ule wa nyuma yake. Wahandisi wanaochora bampa na kava la chini wanashughulika na tofauti hiyo hiyo: mbele hewa ikamatwe na kulazimishwa kupenya kwenye rejeta, nyuma ipate njia ya kutokea chini ya gari. Kava likiondolewa, hewa inayopita chini hupanda na kujaa kwenye chumba cha injini. Msukumo wa nyuma ya rejeta unapanda, na hewa ya mbele inakosa sababu ya kupenya. Injini imeachwa wazi, lakini rejeta inapata upepo kidogo kuliko mwanzo. Kwenye foleni nako, feni ikiwa ndiyo inayofanya kazi yote, kava husaidia kuzuia hewa ya moto iliyokwisha pita kwenye rejeta isizunguke chini ya bampa na kurudi mbele kuvutwa upya.

Mji wenyewe unaongeza uzito wa jambo hili. Kigali iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, kwa hiyo kila pumzi ya feni hubeba joto pungufu kuliko ile ya Mombasa au Dar es Salaam. Maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Mfuniko wa rejeta unaposhika shinikizo vizuri, kiwango hicho hupanda; unapochoka, gari huanza kuchemka kwenye mlima ambao mwaka jana lilikuwa likiupanda bila shida. Ndipo dereva anapoamua kuvua kava, ilhali ugonjwa uko kwenye mfuniko wa bei ndogo, au kwenye feni isiyowaka, au kwenye mapezi ya rejeta yaliyozibwa na udongo mwekundu.

Lakini wanaolivua hawakuzua habari hii hewani. Lipo gari moja maarufu ambalo hoja yao inalifaa sawasawa, nalo ni Porsche 911 ya enzi za kupozwa kwa hewa. Injini yake haina rejeta ya maji. Feni kubwa huvuta hewa na kuisukuma kutoka juu kwenda chini, ikipita kwenye silinda, kisha ikatokea chini ya gari. Toleo lililoitwa 964, lililotoka mwaka 1989, lilifungwa kava pana chini ya injini ili kelele zipungue na upepo upite laini chini ya gari. Kava hilo likakaa pale pale hewa ya moto ilipotakiwa kutokea. Wenye magari hayo wengi waliliona joto, wakalivua, na mpaka leo mafundi wengi wa 911 za zamani hushauri hivyo. Wana sababu: njia ya kutolea hewa ilikuwa imezibwa. Porsche iliendelea na injini za kupozwa kwa hewa hadi 993, iliyokoma mwaka 1998, kisha ikahamia injini za maji. Ushauri ulipaswa kuishia hapo. Badala yake umesafiri kutoka mdomo hadi mdomo, ukaangukia magari yenye rejeta mbele, ambayo upepo wake unafanya kazi kwa namna nyingine kabisa.

Kampuni hiyo hiyo ilikuwa imekuja Afrika Mashariki na somo la upande wa pili. Mwaka 1978 Porsche ilileta 911 kwenye Safari Rally nchini Kenya. Magari yaliinuliwa juu sana kuliko yale ya dukani, na tumbo likavikwa bamba imara la kuhimili mawe. Vic Preston Jr. akamaliza wa pili, Björn Waldegård wa nne. Injini ilikuwa ile ile ya kupozwa kwa hewa, na joto la Kenya linajulikana, lakini hakuna timu yenye akili ambayo ingepeleka sampu, lile bakuli la oili, ikiwa wazi kwenye mawe yale. Hali ni hiyo hata leo kwenye Mountain Gorilla Rally ya Rwanda, ambako Impreza na Lancer zimekuwa wageni wa kudumu: gari la rali huongezewa ngao chini, haiondolewi.

Chukua Impreza yenyewe, kwa sababu ndiyo inayowapa watu wengi hamu ya kuuliza swali hili. Silinda zake zimelala, mbili kulia na mbili kushoto. Kwa hiyo bomba za kutolea moshi zinatoka chini ya vichwa vya injini na kupita karibu kabisa na ardhi. Chujio la oili limekaa katikati ya bomba hizo, likitazama chini. Fundi akilifungua, oili iliyobaki humwagika juu ya bomba, na gari likiwashwa hutoa moshi kwa dakika kadhaa. Sasa iondolee kava, kisha uipitishe Nyabugogo wakati wa itumba, ile mvua ndefu ya Machi hadi Mei, maji yakiwa yamefunika lami. Maji baridi yanarukia chuma chenye joto la mamia ya nyuzi. Chuma kinachopashwa na kupozwa ghafla namna hiyo, mara kwa mara, hupinda na mwishowe hupata nyufa. Boliti hushika kutu, na siku ya kuzifungua hukatika.

Golf GTI ina udhaifu mwingine. Injini yake imekaa kwa upana, mkanda wa alteneta ukiwa ubavuni karibu na gurudumu. Bila kava, matope na kokoto hufika kwenye mkanda na kapi zake. Mkanda huanza kulia asubuhi, beringi zinakwisha kabla ya wakati, na mwenye gari ananunua alteneta akidhani ametapeliwa ile ya kwanza.

Halafu kuna dodani. Kigali haina uhaba wa matuta hayo, na gari la kasi lililoshushwa springi huyakwangua. Hapa ukweli usemwe: plastiki haizuii pigo la tuta. Inazuia kokoto, maji na tope, basi. Sampu nyingi za siku hizi ni za aluminiamu, na pigo moja zito linaweza kuzipasua, oili ikaisha ndani ya muda mfupi kabla taa nyekundu haijaonekana. Anayepita barabara za vumbi kila wiki afikirie bamba la metali. Wachomeleaji wa kulikata na kulikunja hawakosekani kwenye mitaa ya gereji kama hii, mradi kazi isifanywe kwa kubahatisha. Bamba lifungwe kwenye fremu, lisigusane na sampu, liachiwe tundu la kumwagia oili na mianya ya kupumulia upande wa nyuma. Bamba zima lisilo na mwanya kwenye injini yenye tabo ndilo linalofunika joto kwa kweli, na wanaolalamikia kava la kiwandani mara nyingine huwa wanalalamikia kitu hicho.

Wanaosema kava linapunguza upinzani wa upepo hawadanganyi, ila kwa mkazi wa Kigali faida hiyo ni ndogo. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: kwenye kilomita 60 kwa saa ni robo ya ule wa kilomita 120. Kwa vikomo vya mwendo vya mjini, huku kamera ambazo wakazi wameziita Sofia zikiangalia, gari halifiki pale ambapo tumbo laini lingeokoa mafuta ya kuhesabika. Mambo hubadilika kwenye mashindano. Desemba 2024 Kigali ilikuwa mwenyeji wa mkutano mkuu na hafla ya tuzo za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, na Rais Kagame akatangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za Formula 1. Kwenye magari hayo sakafu ni kati ya vitu vinavyolindwa kwa wivu mkubwa, maana ndiyo inayolivuta gari liikamate barabara.

Sababu moja ya kuvua kava ni halali kwa gari lolote: kutafuta uvujaji. Kava huficha. Oili hudondoka ndani yake wiki baada ya wiki, mwenye gari haoni doa pale anapoegesha, na anajiaminisha kuwa injini ni kavu. Likishushwa Gatsata linatoka na utelezi mweusi uliochanganyika na majani makavu, kokoto na boliti iliyopotea tangu matengenezo ya mwisho. Makava ya kitambaa kizito ni mabaya zaidi, kwa sababu hunyonya oili na kuishikilia karibu na bomba la moshi. Hilo linaweza kushika moto. Kwa hiyo livuliwe, lisafishwe, gari liendeshwe siku mbili tatu, fundi alitazame tena likiwa juu, uvujaji uzibwe. Wala kava lisioshwe kwa petroli pembeni ya mtaro: maji ya Gatsata yanateremka mto Nyabugogo, nao unaingia Nyabarongo, na huko kuna watu wanaoyatumia.

Anayeamini bado kwamba gari lake linapoa zaidi bila kava asibishane, apime. Kifaa cha kusoma kompyuta ya gari kinaonyesha joto la maji kwa nyuzi kamili, na kwenye magari mengine hata la oili. Apande mlima mmoja, saa ile ile ya mchana, mwendo ule ule, mara kava likiwepo na mara likiwa limetoka. Sindano ya dashibodi isitumike, kwa kuwa kwenye magari mengi imetengenezwa isimame katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa.

Na siku ya kumwaga oili, mwenye gari asimame karibu. Fundi akiuliza, “Bosi, hii tuirudishe?” jibu liwe ndiyo, na klipu mpya zinunuliwe kabla kazi haijaanza, kwa sababu za zamani zitavunjika. Lisifungwe kwa waya. Kava lililoshikwa na waya upande mmoja huning'inia, hewa hulijaza kama tanga, na likichomoka kwenye mwendo hujikunja chini ya gurudumu la mbele. Baada ya wiki moja ya dodani, boliti zikazwe tena.